Mtu wa Mwisho Perth

Mkenya yeyote anayeipenda riadha anapaswa kulijua jina la Seraphino Antao. Kijana huyu wa Mombasa, wa jamii ya Wagoa, alikwenda Perth, Australia, Novemba 1962, akashinda mbio za yadi 100 na za yadi 220 katika michezo ambayo leo tunaiita ya Jumuiya ya Madola. Kenya ilikuwa bado koloni. Bendera yake yenyewe ilikuwa haijapanda mlingoti. Lakini dhahabu ya kwanza ya michezo hiyo ikaja nyumbani, tena haikuja peke yake.

Ni habari ya kujivunia na tuna haki ya kuisimulia mpaka kuche. Ila leo nakuomba uitazame ile fainali ya yadi 100 kwa jicho jingine. Mwache Antao apite. Mwache Tom Robinson wa Bahamas apite nyuma yake, akachukue fedha yake. Waache na wengine wapite. Sasa mtazame yule wa mwisho kabisa, anayefika kwenye mstari mguu umeshamkataa.

Huyo ni Harry Jerome wa Kanada. Ana miaka 22. Dakika moja kabla ya hapo, alipochuchumaa kusubiri mlio wa bastola, vitabu vya rekodi havikuwa na binadamu hata mmoja mwenye kasi ya kumzidi, iwe katika mita 100 au katika yadi 100. Kulikuwa na waliolingana naye, lakini wa kumpita hakuwepo. Ndani ya sekunde kumi hivi akawa mtu wa mwisho.

Msuli mkubwa wa mbele wa paja lake la kushoto ulikuwa umechanika. Nieleweke vizuri hapa: sisemi msuli ulikaza, wala sisemi ulivutika kama unavyovutika wa mchezaji wa mtaani anayekandwa mafuta ya karafuu jioni na Jumapili akarudi uwanjani. Ulikatika. Na kabla watu hawajaelewa ukubwa wa jeraha lile, waandishi wa nchi yake mwenyewe walikuwa wamekwisha kutoa hukumu. Wakaandika kwamba Jerome ameanguka tena. Kwamba mbio zikiwa kubwa yeye hutafuta mlango wa kutokea. Kwamba mwili anao, moyo hana.

Nakuandikia wewe uliyewahi kufika wa mwisho mbele za watu, kisha ukasikia watu hao hao wakieleza sababu zako bila kukuuliza. Uliyefeli mtihani huku nyumbani kuna mgonjwa ambaye mwalimu hakumjua. Uliyefunga duka na majirani wakasema ulikula mtaji. Uliyerudi kutoka mjini na begi lile lile uliloondoka nalo. Nataka ukae na Harry Jerome kwa muda, kwa sababu huyu bwana alilipitia jambo hilo mara mbili mbele ya dunia nzima, na alichokifanya baadaye kinaweza kukuinua hapo ulipokaa.

Tuanzie nyumbani kwao.

Alizaliwa Septemba 1940 katika mji wa Prince Albert, jimbo la Saskatchewan, kwenye nyika za Kanada ambako baridi hugandisha mito. Baba yake alikuwa mhudumu wa mabehewa ya treni, kazi ambayo zama zile iliachiwa wanaume weusi. Upande wa mama kulikuwa na mbio kwenye damu: babu yake, John Howard, aliyejulikana kwa jina la utani la Army, alikimbia Stockholm mwaka 1912 na anahesabiwa kuwa Mkanada mweusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Kwa hiyo kijana huyu alizaliwa na kipaji, ndiyo, lakini pia alizaliwa na deni. Babu alikwenda mbali akarudi bila medali ya Olimpiki, katika nchi ambayo haikujua impe heshima gani mtu wa rangi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 familia ilihamia North Vancouver, upande wa Bahari ya Pasifiki. Mtaa ule ulikuwa wa Wazungu. Dada yake, Valerie, ambaye naye alikuja kuwa mwanariadha wa Olimpiki, amesimulia hadharani jinsi yeye na ndugu zake walivyorushiwa mawe na watoto wenzao walipokwenda shule mpya. Simama kidogo hapo. Mtoto wa miaka kumi na kitu, daftari mkononi, anakwenda kusoma, na anakimbia kuokoa kichwa chake. Sitaki kukwambia kwamba mawe yale ndiyo yaliyomfundisha kukimbia. Wako wanaopenda kusimulia hivyo, na mimi nakataa. Mawe hayamfundishi mtoto kitu. Mtoto huyu alikuwa na kasi yake tayari, na alistahili kwenda shule akitembea.

Akiwa sekondari alicheza karibu kila mchezo uliowekwa mbele yake. Mwaka 1959 aliivunja rekodi ya wanafunzi wa Kanada ya yadi 220, ambayo ilikuwa imedumu tangu 1928. Mwenye rekodi ile hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Percy Williams, kijana wa Vancouver aliyekwenda Amsterdam mwaka huohuo wa 1928 akarudi na dhahabu za mita 100 na mita 200. Miaka 31 vizazi vya vijana wa Kanada vilikuwa vikiukimbilia muda ule bila kuufikia. Akaja mtoto wa mhudumu wa treni akaufuta.

Kisha ikaja tarehe 15 Julai 1960, Saskatoon, kwenye majaribio ya kuchagua timu ya Olimpiki. Jerome ana miaka 19. Bastola ikalia, akatoka. Saa za waamuzi ziliposimama zilisoma sekunde 10.0. Wiki zisizofika nne kabla ya siku hiyo, Mjerumani Armin Hary alikuwa binadamu wa kwanza kuandikiwa rekodi ya muda huo katika mita 100. Sasa walikuwa wawili duniani. Mmoja Mjerumani, mwingine kijana mweusi wa Kanada, aliyekimbia katika jimbo alimozaliwa, jimbo la ngano na theluji. Ukitaka kujua uzito wa sekunde kumi kamili, kumbuka kwamba njia za mbio wakati ule zilikuwa za changarawe laini ya makaa, siyo za mpira kama za leo. Kiatu kilizama kidogo kila hatua. Kila hatua uliidai ardhi na ardhi ilikulipa pungufu.

Roma ikamsubiri mwezi uliofuata, na Kanada nzima ikamtwisha mzigo. Gazeti baada ya gazeti lilikwisha kumpa dhahabu kabla hajapanda ndege. Alipofika nusu fainali alikuwa anakwenda vizuri, yuko mbele, kisha ghafla akashika nyuma ya paja na kusimama. Msuli ulikuwa umemvuta. Olimpiki ikaishia pale. Dhahabu akaichukua Hary.

Mtu wa miaka 19, ugenini, ndoto imekatika mbele ya umati, anahitaji nini? Anahitaji mtu mzima wa kumfunika koti mabegani. Alichopata ni maswali yenye sumu, na kwa kuwa alikuwa mtu mkimya asiyependa kujieleza, ukimya wake ukaitwa kiburi. Ndipo neno lile likaanza kumfuata: mwoga, mtu wa kuachia njiani.

Wahenga wetu walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sijui kama kuna mahali msemo huu unakaa vizuri kuliko kwenye paja la mkimbiaji. Mguu ukivimba kila mtu anauona, na mtu akivunjika mfupa picha ya eksirei inatosha kumtetea. Msuli unapochanika ndani, ngozi juu inaweza kuonekana nzima kabisa, na mwenye mguu anabaki na kazi mbili, kuumwa na kuaminiwa. Nilipokuwa kidato cha pili niliwahi kuanguka katikati ya mbio za kupokezana vijiti. Mwalimu wa zamu alinisimamia akaniambia niinuke niache maigizo. Niliinuka. Nilitembea mpaka bwenini kwa aibu na sikukimbia tena mashindano hata mara moja maishani mwangu. Paja lilipona ndani ya mwezi. Yale maneno mawili, acha maigizo, ndiyo yaliyonistaafisha. Kwa hiyo nisimuliapo habari za Jerome ninajua ninachokisimulia, na ninajua pia yeye aliweza nini ambacho mimi sikukiweza.

Yeye alirudi mazoezini.

Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, chini ya kocha Bill Bowerman, mtu ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya viatu ya Nike. Bowerman alikuwa mkali, lakini alikuwa na jicho la kumwona mtu alivyo. Hakumwona mwoga. Alimwona mkimbiaji aliyeumia na anayeweza kupona, na akamrudisha kwenye kazi. Mwaka 1962 Jerome alikuwa kwenye kikosi cha Oregon kilichokimbia mbio za vijiti, yadi 110 mara nne, kwa kiwango cha rekodi ya dunia. Agosti mwaka huohuo, Vancouver, alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.2 na kuifikia rekodi ya dunia. Hapo sasa alikuwa na rekodi mbili kubwa za mbio fupi kwa pamoja, ya mita na ya yadi. Kama kuna mtu alikuwa amewajibu wasemaji, ni yeye.

Miezi mitatu baadaye, Perth.

Narudi pale kwenye mstari, kwa sababu kuanguka kwa pili kuna ukatili wake. Ukianguka mara ya kwanza watu husema bahati mbaya. Mara ya pili husema ndiyo tabia yake. Na wewe mwenyewe, usiku, taa imezimwa, huanza kujiuliza kama hawasemi kweli. Huko ndiko watu wengi wanakopotelea, wakiwa tayari wameshaushinda uchungu wa jeraha lenyewe. Wanapotelea kwenye lile swali la usiku. Ikiwa uko hapo leo, naomba usome taratibu sehemu inayofuata.

Jerome alifanyiwa upasuaji kuunganisha msuli uliokatika. Mguu ulibaki na kovu refu kwenye paja na ukafungwa plasta. Ndani ya plasta mguu wa mwanariadha hunyauka haraka. Nyama iliyojengwa kwa miaka hupungua kwa wiki chache. Wapo waliohofia kwamba hata kutembea bila kuchechemea kungekuwa kazi, sembuse kukimbia. Mwaka 1963, wakati Bob Hayes wa Marekani anaishusha rekodi ya yadi 100 hadi sekunde 9.1, Jerome alikuwa anajifunza upya mambo ambayo mtoto mdogo anayajua. Kukunja goti. Kusimama kwa mguu mmoja. Kupanda ngazi.

Mwaka mzima. Hakuna makofi katika mwaka kama huo, na hakuna mwandishi anayekuja kutazama mtu akiinua mguu wake mara hamsini ukutani.

Sasa hapa nataka kusema nawe kwa ukali kidogo, kama kaka. Tumezoea kuwasifu watu kwa kurudi haraka. Tunapenda kijana anayejifunga bandeji na kuingia uwanjani anavuja damu. Jerome hakufanya hivyo, na kama angefanya hivyo tusingekuwa tunamzungumza. Aliupa msuli muda wake. Aliendelea na masomo, maana alijua mguu unaweza kukataa na kichwa lazima kiwe na mahali pa kwenda. Hatimaye alitoka Oregon na shahada mbili za elimu ya viungo. Alikuwa na subira na alikuwa na haraka kwa wakati mmoja, na ukinielewa hapo umelielewa somo gumu kuliko yote ya michezo. Subira ilikuwa ya mguu. Haraka ilikuwa ya kila siku: leo goti likunjike zaidi ya jana, kidogo tu. Wewe unayejenga upya biashara, au ndoa, au afya baada ya ugonjwa mrefu, usione haya ya kwenda pole. Ona haya ya siku iliyopita bila zoezi hata moja.

Tokyo, Oktoba 1964. Antao wa Mombasa aliingia uwanjani akibeba bendera ya Kenya huru, Olimpiki ya kwanza ya nchi hiyo tangu uhuru. Jerome aliingia na timu ya Kanada, na paja lenye mshono. Hakuwa anapewa dhahabu na mtu safari hii. Wengi walishangaa kumwona tu.

Akapita raundi ya kwanza na ya pili. Akapita nusu fainali, ile ngazi iliyomwangusha Roma. Sijui kama unaweza kufikiria mtu anavyousikiliza mwili wake katikati ya nusu fainali, pale pale ambapo miaka minne nyuma kitu kilimkaba paja. Safari hii hakikumkaba.

Kwenye fainali, Bob Hayes alikuwa njia ya kwanza, iliyochimbika kwa nyayo za watembeaji wa mbio za kutembea, na bado aliondoka kama jiwe la kombeo. Sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia. Nyuma yake kukawa na vita. Enrique Figuerola wa Kuba na Harry Jerome wa Kanada wakavuka pamoja, wote wakiandikiwa 10.2, Mkuba mbele kwa kifua. Jerome akapata shaba. Katika mita 200 akamaliza wa nne.

Kuna wanaosema shaba kama wanaotaja chenji iliyobaki dukani. Tafadhali usiwe mmoja wao. Katika michezo hiyohiyo Wilson Kiprugut alichukua shaba ya mita 800, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya, na tazama mto uliotoka kwenye chemchemi ile. Shaba ya Jerome nayo ilikuwa na uzito wake: miezi ishirini na mitatu kabla yake msuli wa paja lile ulikuwa vipande viwili. Kocha Bowerman aliyahesabu marejeo yale kuwa makubwa kuliko yote katika riadha, na Bowerman hakuwa mtu wa kumwaga sifa.

Na hakusimama hapo. Hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu wengi tunarudi mara moja ili kuwaonyesha watu, kisha tunapumzika juu ya ushindi huo. Julai 1966, Edmonton, Jerome alikimbia yadi 100 kwa sekunde 9.1 na kuifikia rekodi ya Hayes. Angalia hesabu. Kabla ya kuchanika, muda wake bora wa yadi 100 ulikuwa 9.2. Baada ya kuchanika, kushonwa na kuanza kutembea upya, akawa na 9.1. Mguu ulioshonwa ukawa na kasi kuliko mguu mzima.

Mwezi uliofuata ikafika Kingston, Jamaika, na michezo ile ile ya Jumuiya ya Madola. Mbio zile zile za yadi 100. Na ukiitazama orodha ya fainali unalikuta jina unalolijua: Tom Robinson wa Bahamas, aliyechukua fedha Perth nyuma ya Antao. Robinson akachukua fedha tena. Taji lililokuwa la Antao wa Mombasa kwa miaka minne likahamia kwa yule yule aliyekuwa wa mwisho siku Antao alipolivaa. Mtu wa mwisho Perth, mtu wa kwanza Kingston. Mwaka 1967, Winnipeg, akaongeza dhahabu ya mita 100 ya michezo ya mabara ya Amerika, mbele ya watu wa nchi yake.

Je, waliomwita mwoga walikwenda kupiga hodi mlangoni kwake? Baadhi yao walikuja kuandika vizuri habari zake, ndiyo. Lakini ukifuatilia maisha yake utaona kwamba hakuwasubiri. Hii naiandika kwa ajili yako wewe uliyeweka maisha kando ukingoja mtu fulani akubali kwamba alikukosea. Mjomba aliyekuvunja moyo mbele ya ukoo. Bosi aliyekutoa kazini kwa tuhuma. Inawezekana watakuja. Inawezekana hawatakuja kabisa, na mwaka 1963 wako utakuwa umepita bila kuinua mguu hata mara moja. Jerome alikuwa na sababu zote za kugeuka mtu wa kinyongo. Akachagua kuamka asubuhi.

Mwaka 1968 alikwenda Mexico City, Olimpiki yake ya tatu, miaka 28, umri ambao kwa wakimbiaji wa mbio fupi wa zama zile ulikuwa jioni. Akafika fainali. Fainali ile ilikuwa ya kwanza katika historia ya Olimpiki ambapo wakimbiaji wote wanane wa mita 100 wanaume walikuwa watu weusi, na mmoja wao alikuwa jirani yetu wa Bahari ya Hindi, Jean-Louis Ravelomanantsoa wa Madagaska. Jim Hines wa Marekani akashinda. Jerome akawa wa saba kwa sekunde 10.1. Hapo akavua viatu vya spaiki.

Na alipovivua akaenda alikotokea, kwa watoto. Alikuwa mwalimu. Akaingia katika mpango wa serikali ya Kanada wa kukuza michezo, enzi za waziri mkuu Pierre Trudeau, akawa anazunguka shule za nchi ile kubwa kuwaonyesha watoto namna ya kuruka, kurusha na kukimbia. Nikimfikiria Jerome, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko Tokyo au Kingston. Mtu aliyerushiwa mawe njiani kwenda shule, anaingia kwenye uwanja wa shule moja baada ya nyingine, anachuchumaa kando ya mtoto asiyemjua, anamwekea vidole sawa kwenye mstari. Mtoto yule hajui rekodi za dunia. Anajua tu kwamba mtu mzima mmoja mrefu amemwangalia na kumwambia jaribu tena.

Tunao hao hapa kwetu. Wako katika uwanja wa vumbi nyuma ya kila shule ya msingi, wakikimbia pekupeku, na wengine wao wiki hii watashika paja na kukaa chini. Mwalimu unayenisoma, mzazi, kocha wa kujitolea: kabla hujafungua mdomo, chuchumaa. Muulize panauma wapi. Inakugharimu dakika moja. Mimi ningekupa miaka yangu yote ya shule kwa dakika moja kama hiyo.

Na wewe mwenye paja linalouma, wewe ambaye nimekuandikia tangu mwanzo: tafuta Bowerman wako. Awe mmoja tu anayekuona ulivyo. Huenda ni shangazi, huenda ni fundi uliyewahi kufanya naye kazi, huenda ni rafiki ambaye hapigi simu mara kwa mara lakini akipiga anauliza la maana. Mwambie ukweli wa jeraha lako, lilivyo, bila kulipunguza na bila kulikuza. Kisha kubali mwaka wako wa plasta. Usiutangaze mtandaoni. Soma kitu, jifunze kitu, maana kichwa hakifungwi plasta. Na kesho asubuhi, kabla watu hawajaamka, kunja goti.

Harry Jerome alifariki ghafla Desemba 1982 kwa maradhi ya mshipa wa ubongo. Alikuwa na miaka 42 tu. Nchi iliyochelewa kumwelewa imeliweka jina lake kwenye mashindano ya riadha na kwenye tuzo zinazowaenzi Wakanada weusi waliofanya vema. Na Vancouver, katika bustani ya Stanley Park, kando ya njia inayofuata ukuta wa bahari, wamemsimamisha kwa shaba, mrefu kuliko mtu wa kawaida. Shaba, ile ile rangi ya Tokyo. Mchongaji hakumchonga amesimama jukwaani na medali shingoni. Amemchonga katika hatua ya mwisho ya mbio, mwili umelala mbele, kifua kinautafuta utepe.

Ng'ambo ya maji kutoka bustani ile ndiko North Vancouver, mtaa wa yale mawe. Kila alfajiri, mvua ikinyesha au isinyeshe, watu wa mji hupita pale wakikimbia, wazee kwa vijana, wengine wakichechemea, mbele ya lile paja la kushoto.